Tyubu ya Baiskeli Kwenye Boksi la Nje

Tarehe kumi na moja Aprili mwaka huu, saa nne na dakika chache asubuhi, kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara, nilimpoteza Kasiani. Tulifanya kazi ya umeme pamoja miaka thelathini na miwili. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka sita na mwili wake mwepesi, ndiyo maana ngazi ilikuwa yake na koleo lilikuwa langu. Siku ile nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wateja, hatua kama saba kutoka pale aliposimama, na nilimwona akianguka.

Nawaandikia ninyi mnaoanza ufundi, kwa sababu nimesikia mnavyoambiana kuhusu kifo chake. Kijiweni karibu na stendi mnasema, "Usifanye kama Kasiani, zima swichi kwanza." Mmoja wenu alinisimamisha barabarani, akanipa shikamoo yake vizuri kabisa, kisha akaniuliza kama ni kweli mzee yule alikuwa ameanza kusahau. Nilimjibu vibaya, na leo namwomba radhi. Lakini jibu lenyewe sibadilishi. Kasiani alizima. Nilimwona akiingia ndani, nikasikia swichi kubwa ikilia, nikamwona akitoka anapangusa pumba mikononi. Mkimaliza kusoma haya mna haki ya kunichukia mimi. Yeye mwacheni.

Niwaeleze kwanza lile boksi, maana bila hilo hamtaelewa kitu.

Miaka kumi na moja iliyopita mwenye mashine, Bwana Masanja, aliongeza jengo. Mashine ikahama, lakini mita ya umeme ikabaki ilipokuwa. Waya wa zamani haukufika. Ikabidi tuunganishe mwingine, na muungano ule tukauweka kwenye boksi la chuma ukutani, nje, chini ya paa. Angalieni mpangilio: umeme unatoka kwenye mita, unapita kwenye boksi, ndipo unafika kwenye swichi kubwa ndani. Ukizima swichi kubwa, mashine inakufa, lakini boksi linabaki na umeme ndani yake. Kasiani alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Hakuwa analifungua. Angelifungua, angekwenda kwanza kuzima breka ya kwenye mita. Aliinama tu kutazama kutu kwenye skrubu, akashika kifuniko kwa mkono wa kushoto. Na mtu ana haki ya kushika kifuniko. Kifuniko kimewekwa pale ili mtu akishike asife. Kama kifuniko kinaua, mwenye kosa si aliyekishika.

Mwenye kosa ni aliyelifunga boksi. Nililifunga mimi.

Nimeanzia mwisho, najua. Ngoja nirudi kwa aliyenifundisha kazi, ili mjue kwamba sikukosea kwa kutofundishwa.

Alikuwa Mzee Desideri, mtu wa Mahenge, aliyefanya kazi kiwanda cha sukari mpaka alipostaafu akaja kufungua kibanda hapa mjini. Alikuwa na birika ambalo halikuwahi kuona chai. Ukimaliza kufunga boksi la nje, kabla hajakuruhusu kuwasha umeme, alipanda kwenye kigoda akamimina birika zima juu ya boksi, taratibu, kama padri anayebatiza. Kisha alishuka, akawasha sigara. Sigara ikiisha alisema neno moja: "Fungua." Ukikuta tone ndani, ulibomoa kazi yote ukaanza upya, hata kama mwenye nyumba amesimama na redio yake mkononi anasubiri umeme.

Siku moja nilichoka, nikamwambia, "Mzee, hata mvua hainyeshi hivyo."

Akaniangalia. "Mvua ya hapa inanyesha miezi mingapi?"

"Mitano, sita."

"Mimi nimemimina dakika mbili. Nani kati yetu mkali?"

Alipenda kutuuliza maji yanaingiaje kwenye boksi. Kila mwanafunzi mpya alijibu kwamba yanapita kwenye kifuniko. Alifurahi sana kusikia jibu hilo, maana lilimpa nafasi ya kuhubiri. Kifuniko, alisema, kimetengenezwa kiwandani na watu wenye akili, na kina mpira wake pande zote nne. Maji hayahangaiki na kifuniko. Yanakwenda pale ulipotoboa wewe.

Mkishika hilo moja mmeshapata nusu ya ufundi wa nje. Dukani watawaonyesha boksi zuri la plastiki, limeandikwa herufi I na P, kisha tarakimu mbili. Ya kwanza inaeleza habari za vumbi, ya pili habari za maji. Ya pili ikiwa nne, boksi linavumilia kurushiwa maji. Ikiwa tano, linavumilia maji ya kupulizwa na bomba. Muuzaji atawasomea namba hiyo kwa fahari kama anayesoma matokeo ya mtihani ya mtoto wake. Lipeni, chukueni. Lakini dakika mnapotoboa tundu kwa drili, namba ile imekufa. Itafufuka tu ikiwa mtakachofunga kwenye tundu ni kizuri kama boksi lenyewe.

Kitu hicho ni glendi, ile nati ya plastiki au ya shaba yenye pete ya mpira ndani, inayobana waya pale unapoingia. Na glendi si glendi tu. Mpira wake una kipimo. Waya mwembamba kwenye glendi pana ni sawa na kuacha mlango wazi na kuweka pazia. Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi wa hapa hawalioni mpaka leo: waya bapa, ule wa ndani ya nyumba, hauzibiki kwenye glendi ya duara. Unakaza mpaka mkono unauma, na bado unabaki upenyo huku na huku. Kama unaingia na waya, tumia waya wa duara. Kama unaingia na paipu, tumia adapta ya paipu yenye uzi wa kukaza kama wa skrubu na washa ya mpira, na nati yake ya kufungia kwa ndani uikaze. Paipu nyeupe nyembamba za ndani msizipeleke juani. Mwaka wa tatu zinavunjika kama ganda la yai.

Na ingieni kutoka chini. Hili Mzee Desideri alilisema mara nyingi hata tukawa tunamwigiza akiwa hayupo. Boksi liingiwe kutoka chini. Ikiwa waya unatoka juu kwenye paa, uacheni ushuke upite boksi, kisha uupandishe uingie kwa chini. Maji yanayotambaa kwenye waya yatafika kwenye ule mkunjo yadondoke, yaende zao. Kona moja ya chini ya boksi iachieni kitundu kidogo ili unyevu wa ndani utoke, na muweke wavu wake, la sivyo mtafuga mijusi. Niliwahi kuitwa Malinyi kwa mtu aliyelalamika kwamba taa zake zinanuka nyama choma. Nilimtoa mjusi kwenye boksi akiwa ameiva pande zote mbili. Mwenye nyumba akaniuliza kama nitapunguza bei kwa kuwa nimepata na kitoweo.

Basi yote hayo niliyajua. Sasa sikilizeni nilichofanya.

Mzee Desideri alipokufa, nikabaki na kibanda, na Kasiani akaja kuwa mwenzangu. Kulikuwa na miaka ambayo glendi hazikuonekana hapa mjini. Barabara ilikatika kila masika, na duka likileta vifaa, lilileta taa na soketi, vitu vinavyokwenda haraka. Ninyi mnaagiza kwa simu jioni, mzigo unafika kesho kwenye basi. Sisi tulisubiri. Na wateja hawakusubiri, wala mimi sikutaka waende kwa fundi mwingine.

Mji huu una baiskeli nyingi, na penye baiskeli pana tyubu zilizotoboka. Nilichukua tyubu kuukuu kwa fundi baiskeli jirani yangu, nikakata utepe, nikauzungusha kwenye paipu mara nne tano ukivutwa kwa nguvu, nikausukuma kwenye tundu la boksi. Ukabana vizuri ajabu. Nikapanda na birika la marehemu, nikamimina. Ndani kukavu. Nikamimina la pili. Kukavu. Kasiani alikuwa chini ananishikia kigoda, akasema, "Kaka, mzee angekuona leo angekunyang'anya birika." Tulicheka wote.

Njia ile ilienea. Mafundi wa Ifakara na wa vijijini walikuja kuangalia, na wakaiita tyubu ya Gaudensi. Jina langu ndilo hilo. Nilijivuna, sitawaficha. Nilimaliza darasa la saba tu, na hapa kulikuwa na kitu chenye jina langu kwenye kuta za watu mpaka Mofu. Glendi ziliporudi madukani, niliendelea na tyubu. Nilizoea. Na kwa kuwa tyubu ilibana, nikalegea na mengine: nikaanza kuingia kutoka juu, maana ukiingia kwa juu, paipu ya kutoka paa mpaka boksi inakuwa fupi. Tundu la chini nalo nikaliziba kwa tyubu, ili mijusi isiingie.

Birika linapima maji. Halipimi jua. Tyubu ya baiskeli imetengenezwa ikae gizani ndani ya tairi. Ukiiweka ukutani, jua la Kilombero linaikausha, inapasuka nyufa ndogo kama mistari ya kiganja. Maji yanaingia taratibu kutoka juu, na kwa sababu umeziba chini, hayatoki. Yanajaa. Yanafika kwenye viungo vya waya. Yanakula skrubu ya waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, ambao ungeokoa mtu, mpaka unaning'inia bila kushika kitu. Hapo chuma chote kinakuwa na umeme, kifuniko kikiwemo, na kwa nje hakuna alama yoyote isipokuwa kutu kidogo kwenye skrubu.

Kutu ile ndiyo Kasiani aliyoinama kuitazama. Masanja alimwita kwa sababu mashine ilikuwa dhaifu, na msimu wa mavuno ulikaribia. Alinipigia simu asubuhi ile akaniambia, "Kaka, njoo uone boksi lako, limezeeka kama wewe." Nikaenda kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Alipoanguka nilikimbilia breka ya mita, siyo kwake, na hilo nalo mlishike: usimshike mtu kabla hujakata umeme. Nilipomfikia alikuwa hapumui tena. Hospitali walijaribu, nawashukuru.

Katika nchi hii marehemu husomewa historia yake kabla ya kuzikwa. Aliyeiandika ni mdogo wake, Mwalimu Severini wa shule ya msingi, mtu wa mwandiko mzuri. Alisoma Kasiani alizaliwa wapi, alioa lini, ana watoto wangapi. Kisha akasoma, "Alifariki kwa ajali ya umeme, baada ya kusahau kuzima swichi." Watu wakatikisa vichwa. Mjane wake, Leokadia, alikuwa ameinama, sikuweza kuona uso wake. Mimi nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka kwenye kaburi, na nilinyamaza. Kusema kwamba alizima kungeleta swali la pili, kwamba basi ni nini kilichomuua. Nilishika koleo la udongo nikazika pamoja na wengine.

Nilinyamaza siku arobaini. Sitazieleza.

Ukoo wao una desturi yake: siku ya arobaini historia ile husomwa mara ya mwisho, kisha karatasi hukabidhiwa kwa mjane aitunze kwa ajili ya wajukuu. Nilijua kwamba ikishaingia kwenye sanduku la Leokadia, sentensi ile itakuwa kweli, na wajukuu wa Kasiani watakua wakijua babu yao alikufa kwa uzembe. Jana yake nilikwenda kwa Masanja nikamwomba boksi. Alikuwa amelitoa ukutani na kulitupa stoo.

"Mzee, unataka nini na hilo?" akaniuliza.

"Nalipeleka kwenye arobaini."

"Ukisema ni boksi, watasema ni mashine yangu, na wakulima watapeleka mpunga kwa wengine. Sema ilikuwa mvua. Mvua haina mwenyewe."

"Mvua haikutoboa boksi, Masanja."

"Watakufunga, wewe mzee. Unajitafutia nini?"

"Nipe kiroba nilibebee."

Alinipa. Hakunisindikiza.

Kesho yake Mwalimu Severini alisoma mpaka akafika pale. Nikanyanyuka.

"Mwalimu, rudia mstari huo."

"Upi, kaka?"

"Wa swichi."

Mjomba mmoja akasema kutoka nyuma, "Mzee Gaudensi, wali unapoa." Baadhi wakacheka kwa chini.

"Acha upoe," nikasema. "Kasiani alizima swichi. Nilikuwepo."

"Kaka, mwache apumzike," Mwalimu akasema, kwa upole. "Sote tunakosea."

"Yeye siku hiyo hakukosea. Nimekuja na aliyekosea."

Nikatoa boksi kwenye kiroba, nikaliweka juu ya mkeka. Nikawaonyesha tyubu, ilivyokatika vipande ukiigusa. Nikawaonyesha skrubu ya ethi iliyoliwa, na alama ya maji ndani, imepanda mpaka juu ya viungo. Nilieleza kama ninavyowaeleza ninyi, polepole, na niliposema nani alilifunga, mjomba wa wali akaacha kutabasamu.

Leokadia alisogea mpaka kwenye mkeka, akalitazama boksi ndani. Akanyanyua kichwa.

"Shemeji, ulijua?"

Vijana, nilikuwa na majibu matatu mepesi. Niliyaona yote yamepangwa mbele yangu.

"Nilijua," nikasema. "Mwaka wa nne baada ya kulifunga hili, niliitwa Malinyi, nikafungua jingine la aina hii, nikakuta tyubu imekuwa hivi. Lile nilibadilisha kwa sababu mwenyewe aliniita. Mengine sikuitwa, sikwenda."

"Na Kasiani alijua?"

"Nilimwambia moja limepasuka. Sikumwambia kwamba yote yatapasuka."

Akaniangalia muda mrefu. Sikuona msamaha, wala sikuwa nimekwenda kuuomba. Kisha akamgeukia shemeji yake.

"Futa, Mwalimu."

"Shemeji, mbele ya watu wote hawa?"

"Uliandika ukasoma mbele ya watu wote hawa."

Mwalimu akatoa kalamu. Nikamtajia maneno: alizima swichi kubwa; aliuawa na maji yaliyoingia kwenye boksi lililofungwa vibaya.

"Na fundi Gaudensi," nikaongeza. "Lililofungwa vibaya na fundi Gaudensi."

"Jina si lazima, kaka. Karatasi hii itakaa miaka. Itakuletea matatizo."

"Wewe husahihisha watoto kila siku. Ukiona kosa hulizungushii duara?"

Akaandika. Akasoma kwa sauti, na safari hii hakuna aliyetikisa kichwa. Leokadia akaikunja karatasi mara mbili, akaingia nayo ndani, akafunga mlango. Hajazungumza nami tangu siku ile, na sina malalamiko.

Baadaye askari wakaniita, nikaenda, nikaeleza vilevile, nikasaini. Wapo wanaosema huzuni imenichanganya. Wapo mafundi wenzangu walionikasirikia kwa sababu nao walifunga tyubu, na sasa wateja wanawauliza. Wawajibu. Mimi najibu. Na yeyote kati yenu atakayesimama kijiweni akasema Kasiani hakuzima, aniite nije, nipo, na miguu yangu bado inafika stendi.

Siku ile ya arobaini, watu walipokuwa wananawa mikono, Mwalimu Severini alinifuata mpaka kwenye njia.

"Umesema mengine hukwenda. Ni mangapi?"

"Ninayoyakumbuka ni kumi na tisa."

"Yako wapi?"

"Mofu. Malinyi. Mengine hapa mjini."

Alitazama chini, kama anayetafuta kitu alichoangusha. "Kesho Jumamosi," akasema. "Nina pikipiki."

Kesho yake tulikwenda Mofu, kwa mama mmoja mwenye duka na pampu ya maji uani. Hakutaka tuguse. Alisema pampu yake haijawahi kumsumbua hata siku moja, na watoto wa jirani wanachota hapo tangu asubuhi. Mwalimu aliongea naye kwa Kindamba mpaka akakubali, ingawa alisimama mikono kiunoni muda wote. Watoto niliwaondoa. Nikaenda kwenye mita.

"Unazima pale?" Mwalimu akauliza. "Si kwenye swichi?"

"Pale."

Akaja akasimama karibu, akaitazama breka ikishuka. Nikapima kifuniko cha boksi kwa tesita, nikapima tena, kisha nikalegeza skrubu za chini. Ya pili ilipotoka, kifuniko kikaachia kwenye kona, na maji ya kahawia yakamwagika ukutani, yakatiririka mpaka kwenye viatu vya Mwalimu. Hakurudi nyuma. Alisimama palepale mpaka yakaisha.